Mfadhili Aliyeuliza Habari za Watoto

Ummkulthum Kheir alikuwa ameshafanya kazi miaka kumi na sita katika jumuiya moja ya mtaa wa Malindi inayowahifadhi wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Kazi yake ilikuwa wafadhili: majina yao, simu zao, nani ashukuriwe kwa barua na nani hataki hata kutajwa. Yote aliyaandika kwenye madaftari, na kabati lake alilifunga mwenyewe.

Mwaka jana mkurugenzi wao, Abdulhakim, akasema madaftari basi, wanunue mfumo wa kompyuta. Ikaletwa miwili. Wa kwanza ulikuwa mgumu kujifunza, lakini kila mtu hufunguliwa kile tu anachostahiki kukiona. Wa pili ulikuwa mwepesi, na kila mfadhili hupewa akaunti yake, akaingia kwa simu akaona sadaka yake imemsaidia nani.

"Na huyo anayesaidiwa, anaulizwa?" Ummkulthum alimuuliza muuzaji.

"Majina hayatokei, Bi. Picha tu na maneno mawili matatu."

Abdulhakim akachagua wa pili. Ummkulthum hakuridhika, ila hakuwa na hoja ya kumshinda, akakaa akaingiza taarifa moja moja mpaka macho yakamuuma.

Mwezi wa tatu wa kuutumia mfumo huo akaona jambo. Mfadhili mmoja, aliyejiandikisha kwa jina la Matar, alitoa kidogo kila Ijumaa. Hilo halikuwa na neno. Lakini mfumo huonesha nani kafungua nini, na Matar alikuwa amefungua ukurasa mmoja mara thelathini na nane kwa siku moja. Ulikuwa wa Mayasa, mmoja wa wanawake waliohifadhiwa, aliyetoka Makunduchi. Hapakuwa na jina wala uso; mikono tu juu ya cherehani, na kidole kimoja kilichopinda.

Chini yake Matar aliandika: "Dada huyu nimemuonea huruma. Wanawe wanasoma skuli gani, niwapelekee vitabu?"

Ummkulthum akamuonesha Abdulhakim.

"Mtu mwema huyo. Mjibu."

"Wapi tumeandika kuwa ana watoto?"

Abdulhakim akausoma ukurasa mara ya pili, kisha mara ya tatu. Akaitazama vizuri ile picha. Nyuma ya cherehani palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha lilionekana paa la makuti la hoteli moja ya Uroa, ambalo mtu yeyote wa pwani ile angelitambua. Akaisukuma simu kwa Ummkulthum.

Ummkulthum akampigia simu Zuleikha, msimamizi wa nyumba ya Uroa walimohifadhiwa wanawake.

"Naam, Bi."

"Mayasa yupo hapo?"

"Yupo, anafua. Watoto wako skuli." Zuleikha akapunguza sauti. "Nilitaka kukwambia. Jana kaja mtu na polo la mchele, anasema ni sadaka. Akaniuliza nyumba ina milango mingapi."

Kabla ya adhuhuri Mayasa na wanawe walikuwa wameshaondolewa. Ummkulthum alikataa kuambiwa wamepelekwa wapi.

Alasiri yule mtu akarudi. Hakugombana na yeyote. Aliizunguka nyumba mara mbili, akakaa barazani mpaka maghribi, akaenda zake. Polisi walimwita wakamhoji, wakamwachia. Kutoa sadaka si kosa.

Akaunti zote zikafungwa, nyumba ikahamishwa. Abdulhakim aliomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, na kazi ya kuchagua mfumo mwingine akamwachia Ummkulthum.

Wiki iliyopita, asubuhi, mwanamme wa makamo mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri aliingia ofisini.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba."

"Mimi mfadhili wenu, naitwa Matar." Akakaa bila ya kukaribishwa, akaikodolea macho kompyuta. "Nimesikia mnabadilisha mfumo. Huo mpya, picha zitarudi lini?"

"Hazirudi."

"Hapana tabu," alisema kwa upole. "Mie nna subira."

Akatoka, akauacha mlango wazi. Ummkulthum akawapigia simu polisi, akawaeleza kila neno. Huku akizungumza, alizisikia hatua za Matar zikishuka ngazi moja moja, bila ya haraka.