Crankshaft mpya, flexplate ya zamani: gari la marehemu baba lilivyopona na mama akabaki na majonzi

Wakuu, heshima kwenu. Ninayoandika yametokea nyumbani kwetu Katubuka na sijatia chumvi. Wale wa "weka picha" mnisamehe, leo sina moyo huo.

Baba yangu alikuwa na pikapu ya Kimarekani, dizeli, automatic. Aliinunua kwenye mnada, mradi fulani ulipofunga shughuli zake huku Kigoma.

Lile gari lilitetemeka tangu siku ya kwanza. Likisimama huku linaunguruma, kioo cha pembeni kinacheza mpaka huoni nyuma. Mzee ukimuuliza anakujibu magari ya Kimarekani ndivyo yalivyo, na kwa ubishi hakuna aliyemuweza.

Mama aliupenda ule mtetemo. Mzee akifika getini vioo vya madirisha vinalia, mama anainuka kumuwekea maji ya kuoga hata kabla hajashuka.

Baba alifariki kwa presha. Hapo naomba nisiseme mengi.

Gari nikabaki nalo mimi. Siku moja natoka nalo Kalinzi, nimepakia ndizi, crankshaft, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, ikakatika mlimani. Likavutwa mpaka Mwandiga kwa fundi Zuberi, aliyekuwa akilitengeneza tangu enzi za Mzee.

Mama alipoambiwa, alilia kama msiba umeanza upya.

"Mwana wanje," akaniambia kwa Kiha, yaani mwanangu, "nilikuwa nimebaki na sauti yake tu. Nirudishie."

Basi nikajua kazi niliyopewa ni ipi.

Crankshaft ya kampuni haikupatikana. Tukaagiza aftermarket, ya kiwanda kingine, kutoka Dar, mpya kabisa. Flexplate ilikuwa haina ufa, Zuberi akairudisha ileile. Kwa wasioijua, ni bamba la chuma la duara lenye meno ya kuzungushwa na starter, linalounganisha crankshaft na gearbox ya automatic. Matundu ya bolt yalilingana vizuri, tukajua mambo yameisha.

Siku ya kuliwasha nikaenda na mama. Likawaka, na likatetemeka vilevile!

Mama akaweka mikono yote miwili juu ya boneti, akacheka. Wakuu, tangu tuzike sikuwa nimemuona akicheka.

"Ni yeye huyu! Zuberi, Mungu akubariki."

Zuberi akazima injini.

"Mama, nisamehe. Injini niliyoifunga leo haitakiwi kutikisika hivi. Itakata crankshaft tena."

Akampigia simu muuzaji, akaulizwa kama flexplate yetu ina kipande cha uzito kilichochomelewa. Tukashusha gearbox, tukakuta kipo.

Kumbe crankshaft ya kampuni ya injini ile inategemea ule uzito ili izunguke sawasawa. Hii ya aftermarket imeshasawazishwa yenyewe, ukiiongezea uzito unaiharibia. Zuberi akaokota ile iliyokatika, akaigeuzageuza, akaona nayo haikuwa ya kampuni. Kuna mtu aliifungua injini kabla Mzee hajainunua, akafanya kosa lilelile.

Kwa hiyo mtetemo wa Mzee ulikuwa ugonjwa. Uliitafuna injini miaka yote, na mama akiusubiri getini kila jioni. Niliumia sana kuling'amua hilo.

Tukapata flexplate isiyo na uzito, na pulley ya mbele ya injini, nayo isiyo na uzito. Gari likawaka laini, unaweza kuweka glasi ya maji juu ya boneti isimwagike. Zuberi alikuwa na haki ya kujisifu.

Nikalileta nyumbani, nikaegesha nje ya dirisha la mama. Hakutoka. Nikaingia ndani.

"Mama, gari limefika."

"Limefika saa ngapi?"

Nikamtoa nje, akakaa kiti cha mbele, nikawasha. Akasikiliza kwa muda.

"Kirudishe kile chuma cha zamani."

"Nikikirudisha crankshaft itakatika tena, mama."

Akawa anafutafuta vumbi la dashibodi kwa kanga yake.

"Oya, hapana, basi liache. Nimeshazika mara moja."

Nililia palepale kwenye usukani, sioni haja ya kuficha.

Nilichojifunza kwenye ufundi: ukinunua crankshaft ya aftermarket, usiridhike kwa kuwa matundu yamelingana. Muulize muuzaji inataka flexplate yenye uzito au isiyo na uzito, na uulize kabla gearbox haijapanda, maana kuishusha tena ni kazi ya punda.

Kwa upande wa mama sijajifunza kitu bado. Kama kuna mtu humu aliwahi kutengeneza kitu cha marehemu kikawa kizuri kuliko alivyokiacha, aniambie aliishije na waliobaki. Mafundi nao wakosoe, nawasoma wote.

Siku hizi nikifika getini napiga honi ili mama ajue nimerudi. Jana kaniomba niache. Kasema Mzee hakuwa mtu wa kupiga honi.