Mama Anamtafuta Daktari wa Giza, na Daktari ni Mimi

Admin, jina langu weka kwa kabati ufunge. Mimi ni mzee wa miaka sabini na saba, shule niliachia darasa la nne, lakini nimewahi kuwa daktari. Daktari wa Giza.

Miaka ya sabini ikianza nilikuwa nauza vitana na nyembe Ngara, na Jumapili mchana napigana mieleka kwa hall, uso umefunikwa. Hiyo mask ilikuwa gunia ya unga. Fundi alitoboa macho akasahau pua, ndio maana nilikuwa nachoka mapema. Watu walilipa kunichukia. Akina mama waliotoka kanisani walinirushia maganda ya machungwa, mimi nawarushia busu. Mpinzani wangu alikuwa rafiki wa kufa kuzikana, tumwite Wafula. Kila kitu tulipanga Jumamosi: nani ataanguka, nani atalia. Na huyo jamaa alijua kulia. Tajiri wetu alikuwa na sheria moja tu, mtu asijue nani yuko ndani ya gunia, hata bibi ya Wafula.

Sasa Jumapili hiyo nikamwinua begani nimtupe vile tulipanga. Jasho, mkono ikateleza, akaangukia shingo. Hiyo ilikuwa bahati mbaya, Mungu anajua. Akalala kifudifudi, nikainama nimkabe koo kama kawaida. Akaninong'oneza, "Wacha. Miguu sisikii."

Nikadhani ameongeza maneno. Alikuwa na hiyo tabia, anaongeza maneno ndio nicheke ndani ya gunia. Na nikacheka. Watu wamesimama wanaimba, "Mdunge, Daktari, mdunge." Nikapanda kamba nikamrukia mgongo na magoti yote mbili. Nikapanda tena nikaruka. Hiyo ya pili hakulia. Hapo ndio nikajua, kwa sababu Wafula hangekosa kulia bure.

Hakutembea tena. Bibi yake, Mama Nekesa, akatoka mashambani kuja kumuuguza, akauliza huyu mtu anakuja kila siku kumbeba ni nani. Wafula akamjibu, "Alikuwa anakata tiketi mlangoni." Nikakaa ndani ya huo uwongo miaka hamsini na kitu. Nimemuogesha, nimemgeuza asipate vidonda, kwa ile nyumba yao ya Woodley. Mama Nekesa akiombea chai alikuwa anamalizia, "Na yule wa gunia, Baba, umvunje." Mimi nasema amina, napewa kiazi.

Siku moja nikimnyoa nikamuuliza mbona hajawahi kunitaja. Akasema, "Nikutaje aje na ni wewe umeshika wembe?" Tulicheka mpaka nikamkata kidevu.

Tumemzika mwezi jana. Juzi Mama Nekesa ameniita. Amezeeka, macho imeingia ukungu. Akaniambia, "Shemeji, wewe ulikaa mlangoni, uliwaona wakiingia. Nitafutie yule mtu kama bado anapumua. Nimechoka kumchukia. Nataka nimwambie nimemsamehe, kuteleza ni kwa kila mtu."

Kuteleza. Hiyo ndio anajua, hiyo ndio Wafula alimwambia. Hajui bwana yake alininong'oneza na mimi nikacheka.

Nilimwambia nitaulizia. Anangoja jibu Jumapili hii. Ninaweza kwenda nimwambie ni mimi, nichukue msamaha ya kuteleza, tunywe chai, mama apumzike. Lakini hiyo ya kuteleza sio ile inaninyima usingizi. Na nikisema ile ingine, mama ya miaka sabini na kitu ataanza kuchukia upya, na safari hii atakuwa anamchukia mtu yeye mwenyewe amemlisha viazi maisha yake yote. Nikinyamaza kabisa, atakufa bado ananitafuta.

Nyinyi wa hii page mna midomo, mimi husoma comment zenu nacheka peke yangu kama mwenda wazimu. Leo msinichekeshe. Niambieni tu, Jumapili nikishaketi mbele ya huyo mama, niseme mpaka wapi?