Maziwa ya Mutoto Mwenye Hayuko Tena

Hapana, mama, nikamujibu, habari mubaya haiuake muzazi. Kama ingekuwa inauaga, huku kwetu kambini hakungebakia mwanamuke hata mumoja.

Tulikuwa tumekaa nyuma ya hospitali moja ya Mbarara, fasi watu wenye kulinda bagonjwa banaanikaga nguo na kupika. Ilikuwa saa nane ya muchana. Mama mwenye nilikuwa nabishana naye ni kiongozi wa bamama ba kanisa letu kule Kashojwa, ndani ya kambi ya bakimbizi ya Nakivale. Alitoka asubuhi na unga ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa tayari mu ndoo ya kifuniko, na bitenge bibili byenye bamama balichanga. Ametuletea musaada, na mimi namujibu namna hiyo. Najua ilikuwa jeuri.

"Weye umesoma," akasema, "lakini haujazaa. Mwenye amepasuliwa tumbo, ukimuambia mutoto amekufa, maziwa inamupanda ku kichwa. Kidonda kinafunguka. Siye tunamuambiaga nyumbani, bamama tukiwa tumemuzunguka. Subiri."

Nikamuuliza nisubiri mpaka lini. Akasema mpaka arudi Kashojwa. Nikasema madaktari bamesema inaweza kufika siku kumi. Akasema basi, siku kumi.

Siku kumi. Mimi nilikuwa nimefanya siku ine, na nilikuwa nimekwisha.

Yaya wangu, dada yangu mukubwa, alikuwa na mimba ya miezi saba na kidogo. Alianza kutoka damu tukiwa tunapalilia maharagi. Ku kituo cha afya cha Kashojwa bakamuangalia kidogo tu, bakaita ambulansi. Nikapanda naye mimi, kwa sababu mume wake alibaki na batoto babili, na kwa sababu mimi njo najua Kingereza ya shule na Kinyankole kidogo ya soko. Mbarara bakamupasua siku ileile. Mutoto alikuwa musichana, mudogo sana, mukono wake wote unene wa kidole changu. Bakamupeleka mu chumba cha batoto benye hawajatimiza miezi, jengo lingine kabisa. Yaya akabaki upande wa bamama ba kupasuliwa, hawezi hata kujigeuza ku kitanda.

Musawo, maana huku Uganda mutu yeyote wa kutibu banamuitaga musawo, akanieleza mutoto hana nguvu ya kunyonya. Yaya akamue maziwa mu kikombe, mimi nipeleke, bao bapitishe mu mupira mudogo ku pua. Nikawa natembea kati ya majengo mawili na kile kikombe, nimekifunika na mukono kwa sababu ya vumbi. Siku ya kwanza ilitoka matone tu, ya njano, haikufunika hata chini ya kikombe. Yaya aliona haya. Akanituma nimuombe mutoto samahani kwa niaba yake.

Siku ya pili asubuhi nilifika na kikombe, musawo akanishika ku mulango. Mutoto alikuwa ameacha kupumua alfajiri. Balijaribu mpaka bakachoka, na yule musawo mwenyewe macho yalikuwa mekundu. Nikapigia shemeji simu. Akakuja na gari ya kwanza, akamubeba mutoto wake mu kitenge, akarudi naye Kashojwa, na bamama bachache bakamuzika siku hiyohiyo. Hakupita kumuona yaya. Alisema akiingia tu, uso wake utasema. Musawo alitaka tumuambie yaya pamoja, mimi na yeye. Shemeji akamuomba sana, akamueleza kwetu haifanywake hivyo, mugonjwa haambiwake ku kitanda. Musawo akakubali, akasema tu isikuwe siku mingi.

Nikarudi kwa yaya sijapanga hata neno moja. Akanipa kikombe kingine. Alikuwa amekamua nikiwa sipo.

"Leo imeongezeka," akasema.

Nikapokea. Ni mukono wangu njo ulidanganya kwanza, kinywa kilifuata tu.

Kwetu maziwa ya muzazi haimwangwake ku udongo. Banasema siafu wakiikula, titi inakauka. Kwa hiyo nilikuwa naenda ku lavabo, ile sinki ya bagonjwa, nafungua maji kabisa, namwanga haraka mbele mutu hajaingia, nasafisha kikombe, nakaa kidogo inje ili muda uonekane, narudi.

"Amekunywa?"

"Amekunywa."

"Yote?"

"Yote."

Ku kitanda cha pembeni kulikuwa mama mumoja wa Bwizibwera, fasi ya bafugaji ba ngombe, mutoto wake mukubwa na munene analia pale kando. Alikuwa anajua Kiswahili ya soko, na mucheshi kweli. Kila mara yaya akishika kikombe, alimutania: "Wewe mama ya Congo, kwetu gari ya maziwa inapitaka kila asubuhi. Nitawaambia wapite hapa." Yaya alicheka, wodi nzima ikacheka. Nami nikacheka, nimeshika kikombe.

Kisha yaya akaanza kuniuliza mutoto anafananaje. Alitaka picha, nikasema simu haziruhusiwe mule. Akauliza tena. Nikaenda kusimama ku dirisha la kile chumba, nikaangalia mutoto wa mutu mwingine, hata sijui wa nani, alikuwa anakunja midomo mu usingizi. Nikarudi na hiyo. Nikamuambia yaya, anakunjaga midomo akilala.

Yaya akacheka mpaka akashika kidonda.

"Ni mama huyo," akasema. "Mama alikuwaka analala vile."

Marehemu mama yetu. Nilikuwa nimemupa mutoto wa wenyewe, na yeye amemuvalisha uso wa mama. 

Hayo yote nilimuambia kiongozi wetu pale nyuma ya hospitali, nguo za watu zinatupiga ku kichwa na upepo. Nilidhani atakubali. Akanijibu kwamba ndiyo, ni ngumu, lakini kubeba uongo wa mugonjwa ni kazi kama kumubebea maji, na kazi haichaguliwake. Kisha akafunga kilemba chake akasema twende tumusalimie.

Tukamukuta yaya amesimama.

Alikuwa ameshika chuma cha kitanda, jasho ku paji, anapiga hatua moja, anapumzika, anapiga ingine. Mama wa Bwizibwera anamuhesabia kama mwalimu wa michezo. Yaya alipotuona akafurahi sana. Akasema musawo mwingine, wa zamu ya asubuhi, amemuruhusu: akiweza kufika ku mulango leo, kesho anaweza kwenda yeye mwenyewe kumuona mutoto. Akasema mimi nitapumzika sasa na safari zangu za kikombe.

Kiongozi wetu akatoa bitenge. Yaya akabigusa byote bibili, akachagua chenye kilikuwa laini zaidi, akakiweka chini ya muto. Akasema hiki cha kumubebea, kile kingine atavaa yeye. Akashukuru bamama bote, akaulizia kila mumoja, mwenye alikuwa na mimba, mwenye alikuwa na homa. Kiongozi wetu alijibu mbili tatu, kisha akasema anaenda kutafuta choo. Hakurudi. Nilimukuta inje, ameegemea ukuta.

"Nitaongea na musawo," akasema. "Bamukataze kutembea."

"Na akienda akiwa amejificha? Atafika kule ku mulango wa chumba cha batoto, aulize. Mutu mwenye hamujue atamuambia kwa Kingereza, yeye amesimama, peke yake. Njo bamama benye kumuzunguka hao?"

Akajitoa ku ukuta, akaanza kutembea. Tukaenda mpaka Kakiika, mutaa wa Mbarara, kwa mama mumoja mu-Congo mwenye alikuwa ananipa fasi ya kulala tangu siku ya kwanza. Kabla ya giza tukakula. Kiongozi wetu hakugusa sahani. Tukiwa tunaosha byombo, akaanza kusema bila mimi kumuuliza.

Alisema kule Kivu naye alizaa ku hospitali, mutoto wa kiume, na bakamuambia mutoto ako kwa nyanya yake. Alirudi nyumbani kwa tipoi, machela ya miti, watu bane wamemubeba, kwa sababu hakukuwa gari. Bakafika ku kilima, akaona mikeka imetandikwa inje ya nyumba yake na bamama bamekaa. Akaelewa. Bakamushika, bakalia naye siku tatu. Hakuna kosa lolote balifanya, alisema, balimupenda kabisa.

Akasuuza sahani moja mara mbili.

"Lakini hakuna mutu alisema. Mpaka leo hii, hakuna mutu alishafungua kinywa akaniambia: mutoto wako alikufa. Kuna wakati bado ninamungojea huyo mutu."

Nilitaka kumushika, nikabaki na mikono ya sabuni. Nilikuwa nimebishana naye muchana mzima kama mutu mwenye anajua.

Pale njo nilikata shauri. Asubuhi, mbele jua halijatoka, nitamuamsha kiongozi wetu. Tutafika ku hospitali mbele yaya hajavaa. Nitamukalisha ku kitanda, mama akae upande mumoja amushike mabega, mimi upande mwingine. Nitasema kwa Kiswahili yetu, na sitazungusha: mutoto wako alikufa siku ya pili alfajiri, baba yake njo alimubeba, amezikwa Kashojwa. Nitasema pia maziwa ni mimi nilikuwa namwanga, na midomo ile ilikuwa ya mutoto wa mutu mwingine. Akinifukuza, nitakaa inje ya mulango mpaka aniite. Na mama akikataa kuamka, nitaenda peke yangu.