Siku Tuliyomcheka Fundi

Mwezi uliopita nilikwenda Makutano kununua rangi ya mlango. Duka lilikuwa bado limefungwa, basi nikateremka kwa miguu hadi bondeni kuutazama ule ukumbi wa maigizo usio na paa. Ngazi za mawe bado zipo, zimeota kuvu, na palipokuwa jukwaa watu wa soko wanamwaga kabeji zilizooza. Harufu ilinifikia kabla sijafika. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi wake humo alitikisa kichwa, akaniambia, "Unaona walivyopaharibu? Zamani hapa palikuwa na heshima."

Nilimwitikia kwa adabu. Lakini wewe nitakuambia nisilomwambia yeye: hata zamani pale palinichefua.

Tulikuwa tukishuka na nyanya yangu Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, miaka ile Uhuru ungali na harufu ya upya. Nyanya alibeba mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, kwenye jani la mgomba, na mimi nilibeba mkeka, kwa sababu yale mawe yalikuwa baridi na machafu. Ulikaa pale ukijua kuna mtu ametema. Wanaume walioteremka kutoka Laare walitafuna miraa tangu mchezo ulipoanza hadi ulipokwisha, wakitema mate ya kijani katikati ya miguu yao, na mate yakatiririka polepole hadi ngazi za chini, walikokaa akina mama na watoto. Waliokula miwa walirusha makapi popote. Nyuma ya ukuta wa juu wanaume walikojoa wakiwa wanaongea, bila kukatiza hadithi. Jua likipata nguvu, vitu hivyo vyote vilinuka pamoja, na hadi leo nikisikia harufu ya makapi ya miwa yaliyochacha, mate hunijaa mdomoni.

Hata hivyo tulikwenda. Hapakuwa na kitu kingine kizuri kama kile katika wiki nzima.

Jirani yetu alikuwa fundi wa nguo. Wanawake wengine wote kijijini waliitwa Mama Fulani. Yeye hakujaliwa mtoto, kwa hiyo watu walimwita Fundi tu, na mume wake alikuwa amemrudisha kwao kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nilimwita anti. Alikuwa na sauti nzito, tulivu, ambayo kanisani uliitambua katikati ya sauti mia. Mwalimu aliyeandaa maigizo aliisikia hapo, na mwaka ule akafanya jambo geni. Siku zote wanaume ndio walioigiza sehemu za wanawake. Yeye akamwomba Fundi aigize mama aliyefiwa na mwanawe wakati wa vita vya msituni.

Siku yenyewe ngazi zilijaa. Fundi alitoka amejifunga leso nyeusi, akapiga magoti, akaanza kusema na mtoto asiyekuwepo. Watu waliacha kutafuna. Nyanya alinishika goti.

Ndipo diwani, aliyekaa kwenye viti vya mbele na wake zake wawili, akapaza sauti. "Huyo hajawahi kuzaa! Sasa analilia nini?"

Kicheko kikaanza kwa wanaume waliomzunguka, kikapanda ngazi baada ya ngazi. Mtu akaongeza, "Lilia cherehani yako!" Makapi ya miwa yakaanza kurushwa. Moja likamnasa kwenye leso, likaning'inia pale, na hilo likawachekesha zaidi. Akina mama waliokuwa wamepeleka kwake sare za watoto wao wiki hiyo hiyo walicheka huku wakijifuta machozi.

Nami nilicheka. Sikulazimishwa na mtu. Kicheko kilinijia kama kinavyomjia mtoto anayetekenywa, na kilikuwa kitamu.

Fundi hakusimama wala hakukimbia. Midomo yake iliendelea kwenda. Nyanya aliinuka, akashuka zile ngazi akiwakanyaga watu vidole, akapanda jukwaani, akalitoa lile kapi kwenye leso. Kisha akasimama kando yake, mikono imekunjwa, akiwatazama watu mpaka sehemu ile ikaisha.

"Mama, keti, unatuziba!" diwani akapiga kelele.

"Zibeni nyinyi midomo," nyanya akamjibu.

Njiani kurudi alitangulia hadi tulipovuka mto. "Ulicheka," akasema.

"Nilicheka, nyanya."

Hakunipiga. Alitema mate kando ya njia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya, na nikajua yale mate ni yangu.

Kesho yake baada ya kanisa alinituma kwa Fundi. Nilimkuta kwenye cherehani, akishona sare yangu mwenyewe.

"Anti, nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa nini?"

"Nilicheka."

"Najua. Nilikusikia." Aliendelea kukanyaga cherehani. "Ukiwa pale chini, kila sauti inakufikia peke yake. Ya diwani niliitarajia. Yako sikuitarajia." Kisha akanyoosha futi ya kupimia. "Simama wima. Umerefuka."

Alinipima mabega kwa mikono ile ile ya siku zote. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Hakuigiza tena. Mwaka uliofuata mama yule yule aliigizwa na karani mmoja mwanamume aliyejaza matambara kifuani, na watu walewale wakalia machozi ya kweli, wakampigia makofi. Diwani alisimama kumpa mkono. Nyanya hakuwepo, tangu siku ile hakukanyaga tena pale. Mimi nilikwenda na wenzangu, nikatapika njiani, na nikawadanganya kwamba ni ndizi.

Fundi alihamia Timau, kwa dada yake, na huko akazikwa. Siku hizi watu wa rika langu wakikutana huusifu ukumbi ule, jinsi tulivyokaa pamoja na jinsi tulivyojua kusikiliza. Juzi mmoja aliniuliza kama naikumbuka ile sehemu ya mama aliyefiwa, jinsi ilivyomalizika siku Fundi alipoigiza. Nilijaribu kukumbuka. Nilikaa ngazi ya tatu, karibu kiasi cha kuona midomo yake ikitetemeka, na sijui hata neno moja alilosema mwishoni.