Shimo la Kambale Kule Mangina

Dume alikuwa mmoja tu. Kambale jike hukamuliwa mayai akabaki mzima, lakini dume lazima apasuliwe tumbo ndipo mbegu yake ipatikane. Mume wangu alimpasua asubuhi, nyuma ya nyumba yetu ya Mangina, nami nikashika sahani huku nikinung'unika: vifaranga watakaoanguliwa wakifa, tutaanza tena na nini?

Hawakufa. Niliwalisha kiini cha yai la kuchemsha, kidogo kidogo, nikiwahangaikia kuliko nilivyowahangaikia watoto wangu. Kila baada ya siku chache tuliwachagua: wakubwa beseni hili, wadogo lile. Kambale mchanga akimzidi mwenzake ukubwa, humla.

Wiki ya nne risasi zikasikika upande wa Beni. Majirani walikuwa tayari wanafunga magodoro. Nikasema tuwafiche samaki wote katika shimo la chini ya chemchemi, tufunike kwa majani ya migomba.

"Hapana, mama batoto. Bakubwa na badogo pamoja? Batakulana."

"Basoda bakifika na bunduki zabo, batabeba mabeseni na samaki ndani! Mwaga tu, baba batoto, twende!"

Akawamwaga wote shimoni. Mimi ndiye niliyemharakisha.

Tulikaa mjini Butembo, upande wa Vulamba, kwa dada yangu, majuma matatu. Kanisani nilifumba macho kama wengine, lakini akili yangu ilikuwa shimoni. Kila siku nilimwuliza mume wangu kama maji bado yanatiririka, utadhani angeweza kuyaona kutoka kule. Alichoka nami, akawa anajibu "ndiyo" kabla sijamaliza kuuliza.

Tuliporudi, mabeseni hayakuwepo, wala mlango wa nyumba. Majani ya migomba yalikuwa palepale. Nikapiga magoti nikayaondoa. Tuliacha mamia. Nilihesabu tisa, wanene, matumbo yamewatuna.

Mume wangu akacheka, cheko baya. "Bote beko humu, mama batoto. Hapana hata mumoja mwenye alipotea."

Nikalia. Nilimkasirikia yeye, na nilijikasirikia mwenyewe zaidi.

Lakini hatukuwa na wengine, kwa hiyo tukawalisha hao. Walipokomaa tukawageuza mmoja mmoja kutafuta dume. Alipatikana mmoja tu: yule mkubwa kupita wote, ambaye bila shaka ndiye aliyewamaliza wenzake wengi zaidi.

Nilimshika mwenyewe kwa mikono miwili, na mume wangu akachukua kisu.