Mama na Minyoo ya Ng'ombe

Mama amelima mboga bondeni Ilagala, karibu na mto Malagarasi, tangu kabla sijazaliwa. Akiwa shambani alikuwa akitafuna majani fulani mabichi yanayoota majini, kandokando ya mfereji ambao ng'ombe wa majirani hunywea. Watu wote wa bondeni huyatafuna.

Alipougua, ilianza homa, kisha maumivu chini ya mbavu za kulia. Alitibiwa malaria, akatibiwa taifodi, nafuu hakuna. Shangazi yangu alishikilia kwamba amerogwa, kwa kuwa mboga zake zinauzika kuliko za wengine. Mama alimsikiliza kwa adabu, halafu akanipigia simu nimpeleke Kigoma mjini.

Daktari, binti wa umri wangu, alimwamkia, akamuuliza kama kuna kitu anakula bila kupika. Mama akamweleza yale majani, tena akayasifia. Choo kilipopimwa yakaonekana mayai ya minyoo bapa ya ini, ile ambayo wachinjaji huikuta kwenye maini ya ng'ombe. Dawa haikuwepo mjini, ikabidi tuiagize Dar es Salaam. Alimeza, na polepole ubavu ukatulia, hamu ya ugali na samaki wa migebuka ikarudi.

Shangazi alimsihi asimwambie mtu. Minyoo ya ng'ombe ndani ya binadamu, watu watasemaje? Nami, kusema kweli, nilidhani atanyamaza. Lakini kikundi cha akina mama kilipokutana, aliomba nafasi akasimama.

"Nilikuwa na minyoo ya ng'ombe kwenye ini," alisema. "Niliipata kwenye majani tunayotafuna sote. Mwenye maumivu hapa aende hospitali. Aibu nimeshaibeba mimi."

Wachache walicheka. Baadaye jirani mmoja, muuza dagaa, alimfuata nyumbani akamwambia kwamba mumewe analalamikia ubavu huohuo tangu masika. Mama hakumwelekeza njia tu. Alipanda gari pamoja nao mpaka mjini, nami ninayeishi huko nikawapokea. Wenye ng'ombe nao aliwaendea mmoja mmoja, mpaka wakakubali kunywesha mifugo upande wa chini wa mfereji, mbali na mboga.

Siku ile nilipowapokea, hospitalini daktari alimuuliza mume wa yule jirani nani amemshauri aje kupima. Akaelekeza mkono kwa mama, aliyekaa kwenye benchi na kanga yake ya Ijumaa.

"Huyo ni mama yangu," nilidakia, ingawa hakuna aliyeniuliza.