Winga Mdogo na Jina la Shemeji Yake

Nason Lunise alikuwa na kilo sitini na tisa akiwa na viatu mguuni, na mji mzima wa Goroka ulijua. Kila Jumapili timu ya ragbi ya Kokomo ilipotoka chumbani kuingia uwanjani, yeye ndiye aliyeonekana kama mtu aliyekuja kuwasindikiza wenzake. Alicheza winga ya kushoto, namba tano mgongoni, na jezi yenyewe ilimfika karibu na magoti.

Siku za kazi alikuwa fundi matairi kwenye karakana iliyohudumia malori ya kahawa, kwa hiyo mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ilivyoonekana. Mbio alikuwa nazo. Kumwangusha mtu alijua vilevile: unainama, unafunga mikono kwenye vifundo vya miguu, unang'ang'ania. Mtu awe mkubwa namna gani, akishafungwa miguu anakaa chini. Lakini msimu ule kona yake ilikuwa imegeuka njia ya kupita kila mtu. Timu ya Lae ilipitia hapo, ya Hagen ikapitia hapo, na za Moresby ndiyo kabisa. Zote zilikuja na mpango mmoja, wa kumpelekea mpira jitu linalocheza upande wa yule mfupi, na jitu hilo likavuka mstari na kuuweka mpira chini. Trai. Watu waliojazana kwenye uzio wakamwambia Nason kwamba mama yake anamtafuta, atoke uwanjani akanywe uji.

Matusi aliyazoea. Kilichomchoma ni kwamba watu wote walitazama mahali pasipohusika.

Ndani yake, upande wa katikati ya uwanja, alicheza senta namba nne, Tobias Ikaro, mwanamume mwenye kifua kama mlango, kipenzi cha uwanja mzima. Tobias alipenda kugonga. Akimwona adui ana mpira, anauacha mstari wa wenzake na kumvamia, na akimpata, kishindo kinasikika mpaka barabarani na watu wanaruka. Shida ni siku ambayo mpira umeshatoka mikononi mwa yule mtu. Hapo Tobias anapita kama basi lililokosa breki, na nyuma yake Nason anabaki peke yake na watu wawili wanaomjia. Akimfuata wa ndani, wa nje anapita. Akibaki na wa nje, wa ndani anapita. Achague lolote, kinachoonekana mwisho ni kilekile: mtu mkubwa anaanguka juu ya mstari na mpira wake, na Nason ananing'inia kwenye mguu.

Dawa yake ilikuwa kusema. Winga yuko pembeni kabisa, anaona mstari wote, kwa hiyo ndiye anayetakiwa kumwita senta kwa jina na kumwambia abaki. Na hapo ndipo Nason alipofungwa mdomo. Tobias alikuwa kaka mkubwa wa Delisa, mke wake. Baba yao alikuwa ameshafariki, na siku ya mahari Tobias ndiye aliyesimama mbele ya koo zote mbili akamkabidhi dada yake. Kwa mila zao, jina la shemeji wa namna hiyo hulitamki mpaka unaingia kaburini.

Nason alijaribu kumwita "shemeji". Wakageuka wachezaji watatu, maana kwa jinsi watu wa mabonde yale walivyooleana, nusu ya timu walikuwa mashemeji zake. Akajaribu "nne". Mchezo wenyewe ni wa kuhesabu, timu ikiangushwa mara sita inauachia mpira, na kila mtu uwanjani anapiga kelele za namba. Tobias alisema baadaye alidhani wanahesabu.

Jumanne moja kocha Philemon Suvae aliwakusanya kuwaonyesha picha za mechi waliyofungwa. Alisimamisha picha mahali Nason alipokuwa akiburuzwa, akaacha watu watazame. Akasema hamlaumu mtu kwa jinsi Mungu alivyomuumba, ila ragbi ya kulipwa siku hizi ni ya watu wakubwa, na winga ndiko wanakowekwa wakubwa zaidi.

"Kocha, rudisha nyuma kidogo," Nason alisema.

"Kuna nini nyuma?"

Nyuma kidogo tu, kabla ya kuburuzwa, palikuwa na Tobias akiacha mstari. Na Tobias mwenyewe alikuwa amekaa benchi lilelile, goti lake linagusana na la Nason, anatafuna popoo taratibu. Chumba kizima kilisubiri.

"Basi," Nason akasema. "Hakuna kitu."

Akaamua kunenepa. Delisa akampikia viazi vitamu asubuhi na jioni, na mbavu za kondoo zenye mafuta, akala mpaka akachukia kula. Akaongeza kilo tatu na kupoteza kasi, mawinga wakawa wanampita hata bila kumgonga. Akaziacha zile kilo zitoke zenyewe. Usiku mmoja alimwambia mkewe kilichokuwa rohoni: wewe ni dada yake, jina lake unalitaja utakavyo, nenda kamwambie abaki kwenye mstari.

"Niende nikamfundishe kaka yangu kucheza mpira?" Delisa aliuliza. "Mimi, nikiwa na ndoo ya viazi kichwani?"

Lakini alikwenda. Alirudi amekunja uso, akaanza kumenya viazi. Nason akamwuliza amejibiwa nini.

"Amesema ule zaidi."

Timu ya Lae ilirudi Goroka mwezi wa saba, na winga wao Yaling, aliyekuwa karibu kilo mia na mwenye mwendo wa mtu wa kilo sabini. Uwanja ulifurika. Mamamkwe wa Nason alikuwepo, amekaa kwenye nyasi na bilumu yake, mfuko wake wa kufuma, mapajani. Kokomo waliongoza kwa pointi chache kipindi cha pili, na Lae, kama ilivyotarajiwa, wakaanza kupeleka kila kitu kwa Yaling. Mara ya kwanza Nason alimpata vifundoni karibu na chaki ya pembeni, akamtoa nje ya uwanja. Hakuna aliyepiga kelele, maana watu walikuwa bado wanamshangilia Tobias, aliyekuwa amemgonga mtu asiye na mpira na kuacha pengo lote lile.

Mwishoni mwa mechi Nason aliona jambo lilelile linakuja. Mpira ulikuwa unapita mkono hadi mkono kuelekea kwao. Aliona bega la Tobias likiinama, kama linavyoinama kabla hajavamia. Yaling alikuwa tayari anakimbia nje, na ndani yake mtu mwingine. Hasira za msimu mzima zilimpanda Nason, na mdomo ukafunguka kabla hajaushika.

"Tobias! Baki!"

Tobias akasimama kama aliyepigwa kofi. Kwa sababu alisimama, alikuwa mahali alipopaswa kuwa. Mtu wa ndani akamkuta yeye, Yaling akamkuta Nason, mpira ukaanguka, filimbi ya mwisho ikalia. Kokomo wakashinda.

Hakuna aliyezungumzia ushindi. Upande ule wa uzio watu walikuwa wamesikia, na waliosikia waliwaambia ambao hawakusikia. Mamamkwe alijifunika kichwa kwa bilumu akaondoka kabla wachezaji hawajapeana mikono. Chumbani Tobias alivaa akiwa ameupa ukuta uso. Nyumbani Delisa alimwambia mumewe kwamba mechi moja si kitu cha kumfedhehesha mama yake.

Wiki hiyo alipeleka kuku na kreti ya soda nyumbani kwa wakwe, na mjomba wake akamsemea, kwa maana yeye mwenyewe hakutakiwa kusema. Mamamkwe alipokea. Tobias naye alipokea, akala, na wakati wa kuagana alimsindikiza Nason mpaka njiani.

"Ungeita namba nisingesimama," Tobias alisema.

"Namba nimeita tangu mwezi wa nne, shemeji."

Tobias akatema popoo pembeni, akamwambia salamu zifike kwa Delisa, akarudi.

Nason alidhani sasa mambo yatanyooka. Ijumaa kocha alisoma majina, na winga ya kushoto akapewa kijana mrefu kutoka Kainantu, mita moja na sentimita tisini. Alimwambia Nason si kwa sababu ya lile jina. Ni umbo tu. Nason alitaka kumwuliza ni umbo gani lililomzuia Yaling mara mbili, lakini kocha alikuwa ameshageukia mtu mwingine.

Alitazama mechi nne akiwa kwenye uzio. Kona ilivuja kama zamani, na watu walimlaumu refa, upepo na uchovu. Urefu wa kijana yule haukutajwa. Ndipo kocha, akishinikizwa na viongozi wa timu, alipomhamishia Tobias upande wa kulia na kumleta senta mwingine, mtu wa maneno mengi asiye na undugu na yeyote. Yule mrefu alipoumia goti, Nason akaitwa arudi. Alimwita senta wake kwa jina mechi nzima mpaka sauti ikamkauka, naye akabaki mstarini kila alipoambiwa. Kona ikafungwa, wiki baada ya wiki.

Dereva mmoja wa lori la kahawa alikuja karakana na tairi limepasuka. Akamtazama Nason akilegeza nati, akacheka kwa furaha ya kweli.

"Sasa umekuwa mtu, bwana. Umenenepa, ndiyo maana hawakupiti."

"Sijaongeza hata robo kilo," Nason alisema. "Ni senta. Senta akitoka mstarini, winga..."

"Endelea kula hivyohivyo," dereva alisema, akaenda kutafuta kivuli.

Nason akalivuta tairi chini, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.